Mchaichai na Mbu wa Ziwa: Harufu Yake Yafaa Wapi, na Yakomea Wapi

Siku hizi Kisumu, kuanzia stendi ya mabasi hadi soko la Kibuye, hukosi kukutana na mchuuzi wa vichupa vya mafuta ya mchaichai. Maelezo yake ni marefu. Mafuta hayo hufukuza mbu, hutuliza kichwa, huondoa uchovu na hushusha homa. Mmoja wao aliniambia kwa yakini kabisa kwamba ukijipaka kabla ya kulala, chandarua unaweza kukikunja ukakiweka kabatini. Neno hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu huenda akauliza hayo yanamhusu nini. Yanamhusu, kwa sababu mbili. Kwanza, mchaichai tumekua nao nyumbani, na tukiuona kwenye chupa tunauamini kama ndugu. Pili, watu wa Pwani wamekuwa wakija na kukaa huku tangu enzi za misafara ya Mumias na tangu reli ilipofika ziwani mwaka 1901, wakati Kisumu ikiitwa Port Florence. Hadi leo tunao jamaa Kaloleni na mitaa mingine, na kila likizo watoto wetu hupanda basi kuja kuwaona. Wanatoka Pwani yenye malaria ya kiasi chake na kuingia ukanda wenye malaria nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya Kenya. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2020, watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 14 waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa asilimia 6 kwa nchi nzima, lakini ukanda wa ziwa ulikuwa na asilimia 19. Hiyo ni karibu mtoto mmoja katika kila watano.

Kwa hiyo tuuangalie mmea huu vizuri, tujue mafuta yake yanafaa kwa lipi na hayafai kwa lipi.

Mmea na harufu yake

Mchaichai ni nyasi. Huota kwa vichaka, majani yake ni marefu na yana makali ya kukata kidole, na wataalamu huuita Cymbopogon citratus. Ukisugua jani lake unapata harufu ya ndimu yenye ukali kidogo wa tangawizi. Harufu hiyo hutokana hasa na kitu kiitwacho sitrali, ambacho ndicho sehemu kubwa ya mafuta yake, mara nyingi zaidi ya theluthi mbili.

Anao jamaa ambaye watu humchanganya naye. Ni nyasi ya sitronela, inayofanana na mchaichai kwa umbo lakini hainywewi kwenye chai. Halafu kuna mti usio na undugu nao ila wenye harufu ya karibu, yaani mkaratusi wa ndimu, ambao majani yake yamejaa sitronelali. Mimea hii mitatu huuzwa sokoni kana kwamba ni kitu kimoja. Si kimoja, na nguvu zake kwa mbu hazilingani.

Mafuta ya mimea hii huitwa mafuta tete kwa sababu hayakai. Huruka hewani kama manukato. Uzuri wake wote umo katika kuruka huko, na kasoro yake kubwa imo humo humo. Yakiruka tunayanusa, naye mbu anayanusa. Yakiisha kuruka, hakuna kilichobaki.

Yanavyopatikana, na kwa nini hayawezi kuwa rahisi

Majirani zetu wa Pemba wanaijua kazi hii. Kiwanda cha makonyo cha Wawi, karibu na Chake Chake, kilicho chini ya Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, hukeneka mafuta ya makonyo ya karafuu, na pia ya mchaichai, mkaratusi na mdalasini. Kukeneka ni hivi: majani hupangwa kwenye pipa kubwa, mvuke wa maji hupitishwa chini yake, mvuke ule hubeba mafuta, kisha hupozwa kwenye bomba lililozungukwa na maji baridi. Kinachotonea upande wa pili ni maji na mafuta, na mafuta ya mchaichai huelea juu.

Sasa fanya hesabu. Kilo 100 za majani mabichi ya mchaichai kwa kawaida hutoa nusu kilo ya mafuta au pungufu. Maana yake, chupa ya mililita 100 imekula karibu kilo 20 za majani, bila kuhesabu kuni, maji, chupa na nauli. Anayekuuzia chupa hiyo kwa shilingi 100 na kukuapia kwamba ni safi hajakuuzia mafuta ya mchaichai. Amekuuzia mafuta ya kupikia yaliyotiwa harufu.

Njia ya kujua ni nyepesi. Tia tone moja kwenye karatasi nyeupe, liache hadi siku ya pili. Mafuta tete halisi huruka na karatasi ikabaki kavu, pengine na rangi hafifu tu. Likibaki doa la mafuta linalopitisha mwanga kama karatasi ya kufungia mahamri, ujue yamechanganywa. Kuchanganywa si dhambi, maana hata sisi tutayachanganya kabla ya kujipaka, lakini mnunuzi ana haki ya kuambiwa.

Desturi zetu za Pwani

Kwetu mchaichai ni wa birika kwanza. Majani mawili matatu hufungwa fundo, hutumbukizwa kwenye maji yanayochemka pamoja na kipande cha tangawizi au iliki mbili, na chai ikawa tamu hata bila maziwa. Mwenye mafua hupewa, mwenye tumbo la gesi hupewa, mgeni hupewa. Hakuna ubaya hapo. Kikombe cha chai kina mafuta kidogo mno, si sawa na kumeza tone la chupani.

Pili ni kujifukiza. Mgonjwa hufunikwa shuka juu ya chungu cha maji ya moto yenye majani ya mchaichai, mkaratusi na mwarobaini, akavuta mvuke na kutoka jasho. Pua hufunguka na mwili hupata raha.

Tatu ni manukato. Dini yetu imetupendezeshea harufu nzuri, hasa siku ya Ijumaa, na nyumba za Waswahili hazijawahi kukosa udi, ubani, rehani na asumini. Mtu aliyelelewa hivyo hashtuki akiambiwa harufu ina nguvu. Ndiyo maana mchuuzi wa kichupa hatumii nguvu nyingi kutushawishi.

Waliyoyajaribu kando ya ziwa

Bahati nzuri, jambo hili limefanyiwa kazi papa hapa ziwani. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kina tawi Mbita Point katika Kaunti ya Homa Bay. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti waliwauliza wakazi wa eneo hilo ni mimea gani wanayotumia kufukuza mbu, kisha wakaijaribu. Walijaribu jamii za rehani, lantana na mkaratusi wa ndimu, kwa kuchoma majani, kwa kuyapasha moto juu ya jiko ili mafuta yaruke bila moshi mwingi, na hata kwa kuweka mimea hai kwenye vyungu.

Walichokuta ni kwamba wazee hawakuwa wakisema uongo. Majani ya mkaratusi wa ndimu yaliyopashwa moto yalikuwa miongoni mwa yaliyofanya vizuri zaidi kupunguza mbu waliokuja kuuma. Baadhi ya mimea hai vyunguni nayo ilipunguza mbu kwa kiasi. Lakini hakuna hata mmoja uliozuia mbu wote, na mbu mmoja mwenye vimelea anatosha kumlaza mtoto.

Kaskazini kidogo ya Kisumu, pembeni mwa msitu wa Kakamega, wakulima wa kikundi cha Muliru walikwenda mbali zaidi. Wao hulima mwonyi, rehani kali yenye harufu ya kafuri, hukeneka mafuta yake na kutengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Mmea umewapa kipato na msitu umepumua. Nalitaja hili kusudi, ili isidhaniwe kwamba naidharau dawa ya majani. Mmea ukipewa kazi yake, huifanya.

Harufu hudumu muda gani?

Hapa ndipo mahali pa kusikiliza vizuri. Mwaka 2002 watafiti wawili wa Marekani, Fradin na Day, walichapisha katika jarida la New England Journal of Medicine majaribio ya dawa mbalimbali za kujipaka. Watu waliojipaka waliingiza mikono ndani ya vizimba vya mbu, wakahesabu dakika hadi waumwe. Bidhaa za sitronela kwa wastani hazikufikisha dakika 20. Ile iliyotengenezwa kutokana na mkaratusi wa ndimu ilifika karibu saa mbili. Dawa ya maabara iitwayo DEET, ya nguvu ya asilimia 23.8, ilifika karibu saa tano.

Mafuta ya mchaichai yako upande wa sitronela zaidi kuliko upande wa DEET. Ukijipaka baada ya swala ya Isha na kulala, mbu wa anofelesi anayekuja katikati ya usiku atakukuta huna kitu. Tena kuna tatizo jingine. Ili mafuta haya yasiunguze ngozi, inabidi yazimuliwe sana, kama matone mawili tu kwenye kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi. Ukiyazimua hivyo, ngozi iko salama lakini mbu hajali sana. Ukiyaacha makali, mbu huenda akajali, lakini sitrali itakuwasha na kukutoa vipele. Kipimo cha kumfaa mtu usiku kucha hakipo.

Na wale wanaopanda mchaichai kuzunguka nyumba wakidhani wamejenga ukuta, wajue kwamba jani lililosimama salama huyahifadhi mafuta yake ndani. Hadi ulivunje au ulisugue, mbu hupita.

Mbu akifukuzwa kwako, aenda kwa nani?

Swali hili wauzaji hawalitaji. Harufu haimwui mbu. Humhamisha. Na mbu jike anayetafuta damu haendi kulala njaa. Watafiti waliofanya kazi bonde la Kilombero, Tanzania, walichapisha mwaka 2013 matokeo kuhusu vijiji ambavyo baadhi ya nyumba zilipewa dawa ya kujipaka na nyingine hazikupewa. Mbu waliongezeka katika nyumba za wasiotumia. Hiyo ilikuwa dawa ya maabara yenye nguvu kuliko mchaichai wetu, lakini njia ni ile ile: aliyejipaka alipona, jirani asiyekuwa na uwezo wa kununua akalipa.

Linganisha na chandarua chenye dawa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika maeneo ya Asembo na Gem, Kaunti ya Siaya ya leo, ulifanyika mmoja wa utafiti mkubwa kabisa wa vyandarua barani Afrika. Vifo vya watoto wa kati ya mwezi mmoja na miezi 59 vilipungua kwa asilimia 16. Ajabu zaidi, watu wasiokuwa na vyandarua lakini waliokaa ndani ya mita 300 hivi kutoka vijiji vyenye vyandarua nao walipata nafuu. Sababu ni kwamba mbu anayegusa chandarua chenye dawa hufa, wala hafiki kwa jirani.

Tangu wakati huo mbu wa huku wamezoea dawa za zamani kwa kiasi, na ndiyo maana vyandarua vipya huongezwa kiungo kingine. Lakini hesabu ya jirani haijabadilika. Sisi tuliofundishwa haki za jirani tangu chuoni tunapaswa kuipima kinga kwa mizani hiyo pia: je, inamlinda aliye upande wa pili wa ukuta, au inampelekea balaa?

Hata harufu yenyewe inaweza kutumiwa kwa namna inayomfaa jirani. Katika kisiwa cha Rusinga, mradi wa SolarMal uliweka mitego ya mbu inayoendeshwa kwa umeme wa jua, yenye harufu iliyotengenezwa ifanane na ya mwanadamu. Badala ya kumfukuza mbu, ilimwita na kumnasa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa penye mitego malaria ilikuwa chini kwa karibu asilimia 30.

Basi mchaichai una kazi gani?

Una kazi, tena nzuri. Chandarua hakimfuati mtu barazani. Kuna saa zile baina ya Magharibi na kulala, watu wamekaa nje wakipunga upepo, wanawake wamezunguka jiko, vijana wanatazama mpira. Hapo mafuta yaliyozimuliwa, yakirudiwa kila baada ya muda mfupi, hupunguza kero. Majani yaliyopashwa kwenye jiko la makaa nje ya nyumba hufaa vile vile. Ongeza kanzu au nguo ya mikono mirefu na soksi, na utakuwa umejisaidia zaidi ya nusu ya kazi.

Wako pia wavuvi wa omena. Hao hukesha majini na taa zao usiku wa giza, na hakuna atakayelala chini ya chandarua ndani ya mtumbwi. Kwao nashauri wasitegemee kichupa cha sokoni. Watafute dawa ya kujipaka iliyosajiliwa, yenye DEET au yenye kiini cha mkaratusi wa ndimu kilichosafishwa, ambayo lebo yake inaeleza nguvu na saa. Na msomaji wa Pwani atakayeona ziwani wingu la vijidudu likipanda kama moshi asitaharuki. Wale wa ziwa ni wengi lakini hawaumi.

Homa si ya kufukiza

Jambo lililo zito kuliko yote ni homa ya mtoto. Mvuke wa mchaichai humfungua pua na kumtoa jasho, na jasho likitoka mzazi hudhani homa imeshuka. Vimelea vya malaria havitoki na jasho. Vinaendelea kula chembe za damu, na kwa mtoto mdogo hali inaweza kugeuka ndani ya siku moja mbili. Mtoto aliye huku ziwani, au aliyerudi Pwani kutoka ziwani, akipata homa, apimwe malaria siku hiyo hiyo, au isizidi siku ya pili. Zahanati na hospitali za umma zina kipimo cha tone la damu na dawa za mseto. Mwambieni daktari wazi kwamba mtoto ametoka Kisumu, Siaya, Homa Bay au Migori.

Kaunti ya Homa Bay ndiko Kenya ilikozindulia chanjo ya malaria kwa watoto mnamo Septemba 2019. Nayo ni kinga ya kuongeza juu ya chandarua, haikuja kukiondoa. Ikiwa chanjo yenyewe haijakiondoa, kichupa kitakiondoaje?

Ukiamua kuyatumia

Usiyameze, wala usiyatie kwenye chai au mchuzi wa samaki. Kwa chai tumia majani. Usijipake bila kuyazimua kwa mafuta ya nazi au ya ufuta, na jaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono kwa siku nzima. Weka mbali na macho, midomo na vidole vya watoto vinavyoingia mdomoni. Mtoto mchanga asipakwe kabisa, na dawa zenye kiini cha mkaratusi wa ndimu zisitumiwe kwa aliye chini ya miaka mitatu. Mwenye pumu asikae penye moshi wa majani. Mama mjamzito amwulize mhudumu wa afya kwanza. Usiyahifadhi kwenye chupa ya soda, maana mtoto hatofautishi, na mafuta ya jamii ya mkaratusi yakimezwa hata kwa kiasi kidogo yanaweza kumletea mtoto degedege.

Mtume wetu (SAW) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ategemee kwa Mola wake. Huku ziwani kamba ya ngamia ni chandarua, kikichomekwa chini ya godoro kila usiku. Mchaichai uendelee kunukia kwenye birika na barazani. Na yule mchuuzi wa Kibuye akikwambia ukikunje chandarua chako ukakiweke kabatini, mnunulie kichupa ukipenda, lakini shauri hilo mwachie mwenyewe.